Sonona Ina Tiba, Tena Mbili

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha, bila shaka unaijua Mkata. Ni ule mji mdogo wa Wilaya ya Handeni ulio kando ya barabara kuu, ukishapita Wami na kabla hujafika Segera. Basi likipunguza mwendo tu, madirisha yanazungukwa na akina mama na vijana wenye machungwa, kila mmoja akitaka yake yanunuliwe kwanza.

Hebu leo tumfikirie mama mmoja miongoni mwa hao. Si mtu fulani ninayemjua kwa jina. Nimemtunga kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini wanaofanana naye ni wengi. Ana umri wa miaka 35 na watoto wanne. Miaka yote alikuwa wa kwanza kufika barabarani alfajiri. Mwaka huu mahindi yake yalikauka shambani yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na miezi michache kabla ya hapo alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Sasa ni mwezi wa pili hatoki nyumbani. Anaingia kitandani mapema, lakini saa nane za usiku yu macho, anatazama paa mpaka jogoo wanawika. Chakula akiletewa anakisogeza pembeni. Mwanawe mdogo akimchekea, haoni la kuchekea. Ukimwuliza ana nini, anasema kichwa kinamwaka moto, mwili hauna nguvu na moyo unamwenda mbio.

Amekwenda zahanati mara tatu. Mara ya kwanza alipimwa malaria, hakuonekana nayo, akapewa dawa ya maumivu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu akapewa vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani nako kila mtu ana lake. Mume anasema ni uvivu. Mama mkwe anasema mtu amemtupia kitu. Mashoga zake wanasema ana mawazo, yatapita yenyewe.

Je, nani kati yao amesema kweli? Ndugu msikilizaji, hakuna. Mama huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake unaitwa sonona. Na habari ambayo hakuna aliyempa ni kwamba ugonjwa huo una tiba, tena tiba mbili: dawa na mazungumzo. Hizo ndizo nataka tuzitazame leo, kila moja inavyofanya kazi na mahali inapoishia.

Huzuni na sonona

Neno sonona limetokana na kusononeka, yaani kuumia moyo. Lakini si kila kusononeka ni sonona. Mtu akifiwa, akiachwa au akifilisika, atahuzunika, na hiyo ndiyo ada ya binadamu. Mfiwa hulia, lakini akija mgeni aliyempenda hutabasamu kidogo; hula anapobembelezwa; na kadiri siku zinavyopita, mzigo hupungua.

Sonona haiendi hivyo. Wataalamu huangalia mambo mawili makubwa: mtu kuwa na huzuni karibu kutwa nzima, au kupoteza hamu ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda. Moja kati ya hayo, au yote mawili, yakidumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, huku yakiandamana na mengine kama kukosa usingizi au kulala mno, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kushindwa kukaza fikira, kujilaumu, kujiona hana thamani, au kutamani kufa, na yakimzuia mtu kufanya shughuli zake, basi hiyo si huzuni ya kawaida tena.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 ulimwenguni wana ugonjwa huu, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Wapo wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, Mwafrika hana nafasi ya kusononeka. Kauli hiyo si yetu, tulirithishwa. Mwaka 1953 daktari J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika kwamba ugonjwa huu ni wa nadra kwa Waafrika. Aliandika hivyo kwa kuwatazama walioletwa hospitalini, na aliyekuwa akiletwa hospitalini siku zile ni yule aliyevunja vitu sokoni, si mama aliyejifungia chumbani kimya. Watafiti John Orley na John Wing walipokwenda kuuliza vijijini nchini Uganda na kutangaza matokeo yao mwaka 1979, walikuta sonona kwa wanawake wa vijiji vile kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza.

Na hapo ndipo lilipo kosa katika safari tatu za mama wa Mkata. Watu wetu hawaendi zahanati na kusema, "Nina sonona." Husema kichwa, mgongo, tumbo, ganzi, mapigo ya moyo. Hawasemi uongo, sonona huumiza mwili kweli. Kumpima malaria ni sahihi, kwa sababu malaria ipo. Kumpima damu nako ni sahihi, kwa kuwa upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI na maradhi ya tezi ya shingo huweza kumlegeza mtu kwa namna hiyo hiyo. Lakini vipimo vikirudi vyema, kazi haijaisha. Yabaki maswali mawili ambayo hayahitaji mashine wala umeme: "Je, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa?" na "Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?" Mara nyingi mgonjwa hujibu kwa machozi kabla ya maneno.

Tiba ya kwanza: dawa

Dawa za sonona ziligunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakijaribiwa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Madaktari wakashangaa: watu waliokuwa hoi wakaanza kuchangamka, kula na hata kucheza wodini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1957, daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini, ambayo awali ilijaribiwa kwa ugonjwa mwingine wa akili, iliwainua wagonjwa wa sonona. Katika ukoo wa imipramini ikatoka amitriptilini, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1961. Na mwaka 1987 ikaidhinishwa huko fluoksetini, ya ukoo mwingine. Hizi mbili, amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa za matajiri.

Zinafanyaje kazi? Hapa yafaa kusema ukweli wote. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba sonona ni upungufu wa kemikali fulani ubongoni, na kidonge hujaza kilichopungua kama mafuta kwenye kibatari. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kupita kiasi. Ni kweli kwamba dawa hizi hubadili namna seli za ubongo zinavyopelekeana habari, na majaribio mengi yameonyesha kwamba huwasaidia wagonjwa, hasa wale wenye sonona kali. Lakini chanzo cha sonona si kimoja: kuna urithi wa ukoo, kuna uzazi, kuna maradhi ya muda mrefu, kuna umaskini, misiba, kipigo na upweke. Kidonge hakirudishi mahindi yaliyokauka. Kinachofanya ni kumpa mgonjwa nguvu ya kusimama ili aweze kushughulika na hayo.

Sasa basi, yako mambo ambayo kila anayepewa dawa hizi anapaswa kuambiwa, na mara nyingi haambiwi.

La kwanza ni muda. Dawa ya maumivu hutuliza kwa saa moja. Dawa ya sonona huanza kuonyesha faida baada ya wiki mbili hadi nne, na pengine zaidi. Madhara madogo, kinyume chake, huja siku za mwanzo. Amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kizunguzungu mtu akiinuka ghafla, na choo huwa kigumu. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Fikiria basi hali ya mgonjwa: wiki ya kwanza anapata taabu ya dawa bila faida yake. Asipoelezwa mapema, atazitupa vidonge vyake siku ya tano na kusema hospitali imeshindwa. Kumbe amegeuka nyuma akiwa amebakiza hatua chache afike.

La pili ni kutoacha mapema. Mgonjwa akishapata nafuu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aendelee na dawa miezi tisa hadi kumi na miwili. Akiacha mara tu anapojisikia mzima, ugonjwa hurudi kwa urahisi. Na siku ya kuacha ikifika, dawa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa muda wa mwezi au zaidi, chini ya uangalizi. Wengi huogopa kwamba watakuwa watumwa wa vidonge. Dawa hizi hazimfanyi mtu atamani kuongeza kipimo kila siku kama pombe au bangi. Ukikatiza ghafla, mwili unaweza kusumbuka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hupunguzwa polepole.

La tatu ni hadhari. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari kwa moyo. Kwa hiyo, mgonjwa anayezungumza habari za kufa asikabidhiwe pakiti nzima. Ndugu azitunze na kumpa kwa kipimo, na watoto wasizifikie. Vijana wanaoanza dawa hizi waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo. Pombe iwekwe kando. Mwenye mimba au anayenyonyesha amwambie mganga wa zahanati mapema. Vilevile mtu aliyewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, akakesha bila kuchoka, akagawa mali na kusema mfululizo, lazima aeleze hilo, maana huo huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha upya.

Tiba ya pili: mazungumzo

Ukimwambia mtu kwamba mazungumzo ni tiba, huenda akacheka. "Nimeongea na kila mtu, mbona sijapona?" Jibu ni kwamba si kila maongezi ni tiba. Mama wa Mkata ameambiwa ajikaze, amshukuru Mungu, atazame wenzake wenye shida zaidi. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini kwa mgonjwa wa sonona huongeza kujilaumu: sasa si tu kwamba anaumia, bali anaona hata kushukuru ameshindwa.

Tiba ya mazungumzo ina utaratibu. Ina siku na saa yake, ina idadi ya vikao, ina mtu aliyefunzwa, na ina siri. Msikilizaji hahubiri wala hahukumu. Zipo njia kadhaa. Moja iliasisiwa na daktari Aaron Beck wa Marekani miaka ya 1960. Aliona kwamba mgonjwa wa sonona hupitisha kichwani mawazo yanayomhukumu bila yeye kujua, kwa mfano, "Mtoto alikufa kwa sababu mimi ni mama mbaya." Katika vikao, wazo hilo huwekwa mezani na kuulizwa ushahidi wake, kama shahidi anavyoulizwa barazani. Njia nyingine ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli hatua kwa hatua: leo kuoga na kukaa uani, kesho kutembea mpaka kisimani, wiki ijayo kuuza nusu tenga. Hangojei hamu ije ndipo afanye. Hufanya kidogo, na hamu huja nyuma. Njia ya tatu hutazama mahusiano: msiba usioombolezwa ukaisha, ugomvi wa nyumbani, au badiliko kubwa la maisha kama ndoa, maradhi au kupoteza kazi.

Utasema, "Hayo ni ya mijini, sisi Handeni tutawapata wapi wataalamu hao?" Swali hilo limeshajibiwa, tena na majirani zetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, ambako UKIMWI uliacha misiba karibu kila nyumba, watafiti walichagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona walikutana kwa makundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Waliongoza makundi hayo si madaktari, bali watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vya makundi, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 ya waliohusika hadi asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata makundi walishuka pia, maana wakati nao huponya wengine, lakini kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7 tu. Hakuna kidonge kilichotolewa.

Mfano wa pili unatoka Zimbabwe, na chanzo chake kinagusa moyo. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti kijana, aliyejiua mwaka 2005. Alipomwuliza mama yake kwa nini hawakurudi hospitali kama walivyopatana, alijibiwa kwamba walikosa nauli ya basi. Mwaka uliofuata daktari huyo alianza kuwafunza bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, Harare, wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na wagonjwa. Washona huita hali hii kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema mtu ana mawazo mengi. Bibi humwacha mgonjwa afungue moyo, kisha humsaidia kuorodhesha matatizo yake, kuchagua moja tu, na kutafuta hatua moja ya kulitatua kabla ya wiki ijayo. Katika utafiti wa zahanati 24 uliotangazwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi na kubaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Benchi hilo limeshafika hata Zanzibar.

Nauli, ndugu msikilizaji! Kutoka Mkata hadi Handeni Mjini ni kiasi cha kilomita 54. Kwa mtu ambaye mahindi yake yamekauka, kilomita hizo ni nyingi. Ndiyo maana tiba ya sonona haina budi kuanzia pale mgonjwa alipo.

Ipi kwa nani?

Je, mgonjwa achague ipi? Kwa sonona nyepesi, mazungumzo yaanze, na dawa haina haraka. Kwa sonona ya kati, moja yapo huweza kutosha, kutegemea kilichopo na anachokitaka mgonjwa mwenyewe. Kwa sonona kali, au ile inayorudi mara kwa mara, tiba zote mbili pamoja zimeonekana kufaulu zaidi kuliko moja peke yake. Sababu yake si ngumu kuiona. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kuzungumza. Anakaa kikaoni kama gogo. Dawa humpa usingizi na nguvu, na mazungumzo humfundisha cha kufanya na nguvu hizo. Aidha, mafunzo ya mazungumzo hubaki na mtu hata baada ya vikao kwisha, wakati faida ya kidonge huelekea kukoma kidonge kinapokoma.

Wengi huogopa kuanza kwa sababu wakisikia tiba ya akili hukumbuka majina mawili: Mirembe ya Dodoma na Lutindi. Lutindi ni jirani yetu, iko katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, mahali pa kwanza pa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wagonjwa wake huponywa pia kwa kazi za mikono na bustani. Si mahali pa aibu. Hata hivyo, wagonjwa wengi kabisa wa sonona hawahitaji kulazwa popote. Hutibiwa wakiwa kwao, wakilima na kulea watoto wao.

Na waganga wa jadi je? Handeni inajulikana kwa waganga wake, na si haki kuwapita kimya. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kutangazwa mwaka 2003 uliona kwamba kati ya watu waliokwenda kwa waganga wa jadi, karibu nusu, yaani asilimia 48, walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Kwa waliokwenda zahanati za serikali ilikuwa asilimia 24. Maana yake ni kwamba mgonjwa wetu yuko kwa mganga kabla hajafika kwa daktari. Mganga anayemsikiliza mtu kwa saa nzima na kuwakusanya ndugu zake anafanya jambo ambalo zahanati yenye foleni mara nyingi haina nafasi ya kulifanya. Hilo tuliheshimu. Lakini asimwambie mgonjwa aache dawa za hospitali, asimfunge kamba, asimfungishe chakula, wala asimtaje jirani kuwa mchawi, maana hapo sonona ya mtu mmoja hugeuka kuwa uadui wa kijiji kizima. Na akimwona mgonjwa anazungumzia kufa, ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu kufa, niseme wazi. Watu wengi huogopa kumwuliza mgonjwa kama anawaza kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Kumwuliza kwa upole, "Je, umefikia kuwaza kujitoa uhai?" humpa nafuu, kwani amepata wa kumwambia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa mazao, kamba na visu, kisha apelekwe kituo cha afya au hospitali. Wazo hilo mara nyingi huja kama wimbi kubwa. Mtu akishikwa mkono mpaka wimbi lipite, huishi.

Safari ya nne

Sasa turudi kwa mama yetu wa Mkata. Tuseme amekwenda zahanati mara ya nne, na safari hii yuko tabibu aliyemwuliza yale maswali mawili. Amelia. Ameanzishiwa dawa usiku kwa usiku, na ameelezwa mbele ya mumewe kwamba wiki mbili za kwanza asitegemee makubwa. Dada yake ndiye anayetunza vidonge. Kila Alhamisi hukaa saa moja na mhudumu wa afya aliyefunzwa kusikiliza. Kikao cha kwanza alimtaja mtoto aliyemzika. Tangu siku ya maziko hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake. Mume naye aliitwa kikao cha tatu, akasikia kwa mara ya kwanza kwamba mkewe si mvivu. Wiki ya tano amelala mpaka alfajiri. Wiki ya saba amerudi barabarani na nusu tenga.

Hakuna muujiza katika habari hiyo. Kilichohitajika ni tabibu mwenye maswali mawili, dawa isiyokwisha katikati ya mwezi, mtu aliyefunzwa kusikiliza, na familia iliyoacha kulaumu. Viwili vya mwanzo ni wajibu wa serikali na halmashauri zetu, na tuna haki ya kuvidai kama tunavyodai visima na madarasa. Cha tatu chaweza kuanzwa na kijiji, kanisa, msikiti au chama cha akina mama, kwa kuomba mafunzo. Cha nne hakingojei bajeti ya mtu yeyote. Kinaweza kuanza leo jioni, nyumbani kwako.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa wa sonona mara nyingi hafichi. Anasema kwa lugha ya kichwa, mgongo na usingizi, akingoja tumwelewe. Basi ukimwona jirani ambaye siku hizi haonekani barabarani, usiulize kwa nini amekuwa mvivu. Piga hodi, kaa chini, umwulize hali yake, na safari hii usiondoke kabla hajajibu.

Kwaheri, mpaka wiki ijayo.